Wiki ya Mtoto wa Jicho

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu mchana, saa ambayo anajua kabisa kuwa niko kazini, akasema bila hata salamu, "Namsifu, wameniambia nina mtoto wa jicho." Badala ya kumpa pole nikaanza kukohoa. Nilikohoa kweli, koo likiwasha, na pua ikajaa harufu ya pilipili kavu inayoungua kwenye kikaango pamoja na chumvi ya mawe. Niliinuka nikawa natembea huku na huku ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni mama yangu tu, anakwenda kutolewa kitu kidogo kwenye jicho. Lakini siku ile sikuweza kukaa tena.

Mimi si mtu wa kutulia. Nikimsindikiza mtu uwanja wa ndege, natafuta sababu ya kuondoka kabla yeye hajaingia ndani. Nikimsubiri mtu, nasubiri nimesimama, funguo za gari mkononi. Mume wangu hunitania kwamba nilizaliwa na funza miguuni. Sikuzaliwa nao. Wiki walipoingia naijua vizuri, na nadhani wenzangu wa rika langu, ninyi mliokulia kwenye yale maghorofa ya matofali mekundu nyuma ya barabara ya Rockville Pike, kule Maryland, Marekani, mkisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, mna wiki yenu ya namna hiyo.

Nilizaliwa Upareni. Nilikuwa bado natambaa Baba alipokwenda Marekani, na nilipoanza kutembea Mama akamfuata. Siku ya kuondoka alinikabidhi kwa bibi mzaa mama akasema, "Nakwenda mara moja." Anayejua Kiswahili anajua maana ya maneno hayo: naenda na kurudi, hata chai haitapoa. Siku hiyo mimi siikumbuki. Nilisimuliwa na bibi, tena mara nyingi mno, kwa Kipare, ila akifika kwenye maneno ya Mama aliyatamka kwa Kiswahili, akiiga sauti yake. Kwa hiyo "mara moja" ndicho Kiswahili cha kwanza nilichokijua maishani. Mara moja hiyo ilichukua miaka minne. Nilipoletwa Rockville nikiwa na miaka mitano, alinilaki mwanamke akanilalia shingoni akilia, nami nikamwamkia, "Shikamoo, Anti."

Wakati wa kisa hiki nilikuwa na miaka minane, na Mama nilikuwa nimekwisha kuzoea kumwita Mama. Kipare kilikuwa kimeniponyoka. Kiswahili nilikielewa, ila nikifungua kinywa kilitoka Kiingereza. Baba aliendesha basi dogo la hoteli kule Sterling, akiwachukua na kuwarudisha wageni wa uwanja wa ndege wa Dulles. Mama aliwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao. Kazi hizo wenyewe waliziita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe hawakuligusa.

Walikuwa hawajapata fungate. Baba aliiahidi tangu siku ya harusi, lakini kwanza hapakuwa na nafasi, halafu nikaja mimi, halafu ikaja Marekani. Mwaka ule dereva mwenzake alimwambia kwamba meli za kitalii za kwenda visiwani, zile kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na chakula usiku na mchana, huwa rahisi sana mwezi wa tisa. Baba hakuuliza kwa nini. Alijijibu mwenyewe: shule zimefunguliwa, Wamarekani wamerudi makazini, bahari imebaki tupu. "Siku saba ndani ya maji, Mama Namsifu," alisema akizunguka sebuleni kama bwana harusi. "Siku saba! Hiyo ndiyo fungate yenyewe." Kwamba mwezi wa tisa ndio msimu wa vimbunga, alikuja kuambiwa na huyo huyo dereva mwenzake, tiketi zikiwa zimekwisha kukatwa. Baba akasema bahari ni kubwa, haiwezi kuchafuka yote kwa pamoja.

Fungate si mahali pa kumpeleka mtoto, na tena mimi nilikuwa na shule. Nikaachwa ng'ambo ya korido, kwa Anti Rehema. Anti Rehema alikuwa mtu wa Tanga, msaidizi wa wauguzi hospitalini, na kiangazi kile alikuwa amemleta mama yake mzazi, Bibi Zuhura, aje atibiwe. Atibiwe nini, mimi hakuna aliyeniambia. Niliona tu kwamba Bibi akikutazama huinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kitu nyuma yako.

Asubuhi ya safari Mama alichuchumaa mbele yangu kwenye kapeti la korido, lile kapeti lililonuka vitunguu vya watu wengine siku zote, akanifunga kifungo cha sweta ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Tunakwenda mara moja," alisema.

Nilimtazama. Nikamwuliza kwa Kiingereza, ila yale maneno mawili nikayaacha yalivyo kwa sababu sikujua Kiingereza chake. "Is it the real mara moja? Or the one ya Upareni?"

Baba, aliyekuwa ameshika begi jipya la magurudumu, akacheka. Mama hakucheka. Alisimama, akarudi ndani kama mtu aliyesahau kitu, na maji ya bafuni yakasikika yakimwagika mpaka Baba akashuka kwenye gari na kupiga honi. Alipotoka alinibusu utosini, akanipita, akashuka ngazi.

Hakunijibu. Hilo ndilo lililobaki kifuani mwangu wakati mlango wa chini unafungwa: niliuliza, na hakunijibu.

Bibi Zuhura hakuwa mzee wa kukukalisha chini akakupa nasaha. Hakuwa na subira hiyo. Alihamisha viti vya mwanawe kila siku, akagombana na lifti, akagombana na kiyoyozi cha dirishani kwa kuwa kilinguruma. Kuhusu safari ya wazazi wangu alikuwa na neno moja tu. "Meli? Mie nshapanda meli kwenda Pemba, harusi ya mpwa wangu. Nilitapika mpaka nikamtukana nahodha. Tangu hapo bahari naitazama kwenye kalenda." Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kukaa naye mbele ya televisheni na kumweleza wanachosema. Yeye hakujua Kiingereza, mimi Kiswahili kilinikwama kooni, kwa hiyo alipata nusu, na nusu nyingine alijijazia.

Siku ya pili tukaikuta ile chaneli ya hali ya hewa. Mtu wa suti alisimama mbele ya ramani, na kwenye bahari, chini ya Florida, duara kubwa jeupe lilikuwa linajizungusha. Kimbunga kile kilikuwa na jina la mtu, jina la kawaida kabisa, hata mwenye duka la viatu angeweza kuitwa hivyo. Kilinitisha zaidi kwa sababu ya jina. Kitu chenye jina kinajua kinakokwenda.

"Anasemaje huyo?" Bibi aliuliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, ingawa mchele wa dukani hauna hata jiwe moja.

"It's a storm, Bibi."

"Na hicho cheusi katikati?"

"The eye." Niliona hakuelewa, nikagusa jicho langu. "Jicho."

Mikono ya Bibi ikasimama kwenye sinia. "Jicho?"

"Yes. Jicho. Na linaenda..." Nilikwenda mpaka kwenye kioo nikaweka kidole pale Baba aliponionyesha kwenye ramani kwamba ndipo watakapokuwa. "Linaenda kwa Mama. To the boat."

"Audhubillahi!" Bibi alisema, akaweka sinia chini. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulielewa hata kidogo: "Nani aliliona lile begi jipya la mama'ko?"

Leo naelewa. Mtu wa Tanga ukimwambia kuna jicho linamfuata mama yako, hafikirii upepo. Anafikiria hasadi. Anafikiria mwanamke fulani aliyesimama akasema ala, wenzetu wanakwenda kutalii! Lakini mimi nilidhani ni maswali ya kawaida ya mtu mzima, nikamjibu kwa ukamilifu. Begi lilionwa na wamama wote wa kanisani. Lilionwa na yule mama wa Salvador kwenye chumba cha kufulia, aliyelipapasa akatabasamu. Bibi alikuwa akitikisa kichwa kila nilipomtaja mtu. "Ehee," alisema. "Ehee. Na huyo naye." Tangu hapo kila nikirudi shule aliniuliza, "Jicho limefika wapi?" nami nikamwonyesha. Kila siku lilikuwa karibu zaidi na kidole changu. Tulikuwa watu wawili sebule moja, tunaogopa macho mawili tofauti, na kila mmoja akiona mwenzake anamwelewa.

Halafu nikamsikia Bibi kwenye simu.

Basi la shule lilinishusha, nikapanda ngazi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa anaongea na dada yake aliye Tanga, na watu wa simu za mbali mnawajua, wanapiga kelele ili sauti ivuke bahari. "Huyu mtoto wa jicho kanichosha, dada yangu," alisema. "Nilidhani kadogo tu, kataondoka kenyewe. Wapi! Kakaa moja kwa moja. Sasa basi. Alhamisi wanamtoa."

Nilisimama koridoni na begi langu mgongoni. Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu. Wazazi wa mtoto huyo walikuwa wamekwenda kwenye jicho. Na huyo mtoto, kama alivyosema Bibi mwenyewe, walidhani atakaa kidogo, naye amekaa moja kwa moja. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Upareni pia nilikuwa nimeambiwa nitakaa kidogo. Sasa hata hapa nilikuwa nimechosha watu, na Alhamisi wangekuja kunitoa, na kunipeleka kwa nani sikujua, kwa kuwa duniani nilikuwa nimebakiwa na korido ile tu. Halafu nikaingia nikasema, "Shikamoo, Bibi," kwa adabu kubwa kupita kiasi, nikidhani labda adabu itasaidia.

Kuanzia hapo sikuvua viatu. Nilikula nimesimama. Nilioga haraka haraka nikavaa viatu tena. Begi la shule nililivaa hata nikienda chooni, ndani nikiwa nimeweka mswaki, gauni moja na chupa ya mafuta ya nywele ya Mama, ambayo niliiiba kwetu siku Anti Rehema alipofungua mlango kumwagilia maua. Nilienda dirishani, nikaenda mlangoni, nikarudi dirishani. Kule nyuma treni ya Metro ilipita, ikapita nyingine. "We mtoto, keti!" Bibi alinikemea. "Una nini huko matakoni? Wanizungusha kichwa!" Nikakaa. Kabla hajageuka nilikuwa nimesimama.

Jumatano, siku moja kabla ya hiyo Alhamisi, duara jeupe lilikuwa limejaza bahari yote. Mtu wa suti alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati. Bibi aliuliza limefika wapi, nikaweka kidole, na safari hii kidole na jicho vilikuwa mahali pamoja. Machozi yakanitoka tu.

"Basi," Bibi alisema, akainuka. "Leo napima mwenyewe."

Anti Rehema alikuwa kazini. Bibi alichukua pilipili kavu nyekundu, zile ndefu, na chumvi ya mawe aliyokuja nayo kutoka Tanga ndani ya soksi. Akavifumbata ngumini, akanisimamisha katikati ya jikoni, akanizungushia kichwani mara saba, huku akinong'ona mambo yake. "Nakuzungushia wewe kwa niaba ya mama'ko," alisema, "damu ni hiyo hiyo." Kisha akaviangusha vyote kwenye kikaango kilichokuwa kimepata moto mpaka kinatoa moshi. Kwao, alivyonieleza baadaye, pilipili ikiungua bila kumwasha mtu koo, basi jicho lipo na limeshika. Ikiwasha, hakuna kitu.

Iliwasha. Jamani, iliwasha. Moshi ulipanda mweupe, ukatushika koo na macho na mapafu, nikawa nakohoa nimejikunja, na Bibi anakohoa ameshika jiko, huku uso wake ukiwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu anayekosa pumzi. "Kohoa!" alipiga kelele. "Kohoa, mjukuu wangu! Hakuna jicho! Alhamdulillah, hakuna jicho!"

Ndipo king'ora cha moshi kilipolia. Kwanza cha jikoni, kisha cha korido, kisha cha jengo zima, na watu wakaanza kushuka ngazi wakiwa na watoto na paka. Bibi hakujua ile ni sauti ya nini, akafungua madirisha akaitukana. Baada ya muda mfupi nikasikia viatu vizito vikipanda, na mlango ukajaa wanaume wawili wenye kofia na makoti makubwa, na mmoja alikuwa na shoka.

Nilijua wamekuja kunitoa.

Niliingia chini ya kitanda cha Bibi nikaukumbatia mguu wa kitanda. Zimamoto mmoja aliinama, akaona viatu vyangu, akaniita kwa upole. Nilimpigia kelele kwamba leo ni Jumatano. Nilimwambia Jumatano! Si Alhamisi! Mje kesho! Alinyoosha mkono akanibandua kwenye mguu wa kitanda kidole kimoja kimoja, akanibeba begani pamoja na begi langu, akashuka nami ngazi zote, nikimpiga mgongoni na kulia kwa sauti ambayo watu wa jengo lile waliizungumzia hadi Krismasi.

Pale nje, kwenye nyasi, Anti Rehema alikuwa ndiyo kwanza anashuka basi na sare yake ya kazi. Alimwona mama yake amesimama na kikaango mkononi.

"Mama! Ume-burn nini tena?"

"Sikuunguza kitu. Nimepima."

"Umepima nini? Na huyu mbona analia hivi? Namsifu, what happened?"

Zimamoto alikuwa ameniweka chini lakini mimi nilikuwa nimeshika koti la Anti Rehema kwa mikono miwili. Nilisema yote kwa mkupuo, Kiingereza na Kiswahili vikigongana: kwamba wasinitoe, kwamba nitakuwa mtoto mzuri, kwamba mimi sitaki kuwa mtoto wa jicho.

Anti Rehema aliniinamia. "Mtoto wa nani?"

"Wa jicho! Bibi said it! On the phone! Alhamisi wanamtoa!"

Anti Rehema alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika. Alipomweleza mama yake, Bibi naye akacheka, akacheka mpaka akaniegemea, halafu akaona kwamba mimi sicheki, akaacha. Aliweka kikaango kwenye nyasi. Akanishika kidole changu cha shahada, akakileta chini ya jicho lake la kushoto, akalifungua kabisa.

"Tazama hapa. Wamwona huyo mweupe?"

Nilimwona. Katikati ya jicho palikuwa na kitu cheupe, kama punje ya wali iliyobaki kwenye sufuria nyeusi.

"Huyo ndiye mtoto wa jicho. Ni maradhi, mwanangu. Kesho anatoka yeye. Wewe hutoki. Wewe unakaa hapa mpaka mama'ko aje akutoe kwa mkono wake. Na asipokuja upesi, mie nakwenda na wewe Tanga, na hao wenye mashoka watanikoma."

Nililia upya, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu. Kisha nikauliza, "Na lile jicho jingine? The one in the sea?"

Hapo ndipo Anti Rehema alipolazimika kumweleza mama yake tulichokuwa tunakitazama wiki nzima. Alimweleza kwa mikono, akizungusha hewa. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa upande. "Yaani upepo?" aliuliza mwishoni. "Upepo wa kweli? Na maji?"

"Ndiyo, Mama. Hurricane. Katikati panaitwa jicho."

Bibi Zuhura alikaa chini kwenye nyasi, na buibui lake, na jengo zima linamtazama. Kabla ya siku ile nilidhani watu wazima huogopa vitu vyao, na watoto huogopa vyao. Nilimwona akikiogopa changu. "Pilipili haina kazi kwenye upepo," alisema, karibu kwa aibu, akaanza kuomba kwa namna yake, viganja wazi. Nami nikapiga magoti kando yake nikaomba kwa namna yetu. Tulikuwa bado tunanuka moshi.

Alhamisi alitolewa yule wa kutolewa. Niliporudi shule nilimkuta Bibi mbele ya televisheni, kifuniko cha plastiki kwenye jicho moja, jicho la pili limeikodolea ramani. Kimbunga kilikuwa kimekata kona kuelekea kaskazini na kuanza kupungua nguvu. Mtu wa suti alikuwa amevaa koti lake. Lakini kuhusu meli ya fungate hakusema chochote, wala Ijumaa hakusema, na Jumamosi, siku ambayo wangerudi, ilipita nzima nikiwa dirishani. Anti Rehema alipiga simu kwa wenye meli, wakamsikilizisha muziki. Sikuwa tena mtoto wa jicho, ila viatu sikuvua. Nilikuwa najua mara moja inavyoanza. Inaanza hivi hivi, kwa siku moja kupita.

Jumapili mchana simu ililia, na ilikuwa Baba, kutoka kibanda cha simu Florida, akipiga kelele kushinda magari. Bandari ilikuwa imefungwa. Meli ilikimbilia mbali, ikazunguka baharini mpaka ikaruhusiwa kuingia. Walikuwa wazima. Kisha sauti ya Mama: "Namsifu?" Nilishika mkonga kwa mikono miwili nikawa nasikiliza anavyopumua. "Namsifu, upo?" Nilikuwepo, na nilikuwa na hasira kubwa kiasi kwamba ningefungua mdomo ningeng'ata waya. Bibi alininyang'anya simu. "Yupo," alimwambia. "Kakasirika. Njooni."

Walifika kesho yake jioni, na mvua. Ilikuwa mvua ya kimbunga kile kile, mkia wake, uliokuwa umepanda mpaka Maryland kabla yao. Baba aliingia koridoni amekonda, akaanza kusimulia kabla hajaweka begi chini: sahani za kamba wakubwa zikiteleza mezani zenyewe, bwawa la kuogelea limefungwa kwa wavu, bendi inapigia ukumbi mtupu, na kisiwa hata kimoja hawakukikanyaga. "Siku zote natapika," alisema. "Mama Namsifu ndiye alikuwa ananishikia beseni. Hiyo ndiyo fungate niliyompa!" Bibi Zuhura akamwambia angemwuliza yeye kabla, angempa habari za Pemba.

Mama alikuwa amesimama kwenye lile kapeti, nywele zimelowa, ananitazama mimi na viatu vyangu na begi langu la mgongoni, na nikaona anaelewa kwa nini nimelivaa. Nilitaka kumkimbilia na nilitaka kumpiga. Nikafungua kinywa, na kikatoka Kiswahili, sentensi nzima, ya kwanza niliyopata kumwambia mama yangu.

"Mara moja imeisha?"

Mama aliketi chini pale pale na koti lake la mvua. "Imeisha," alisema. Nilipanda mapajani mwake nikiwa na kila kitu mgongoni.

Bibi Zuhura alirudi Tanga mwaka uliofuata, akawasimulia watu kwamba Marekani wana vimbunga vyenye majina ya watu na kwamba yeye alipima kimoja mwenyewe. Hayupo tena. Baba naye alitutoka, na picha yake ya chakula cha jioni melini, amevaa tai na uso wa kijani, iko sebuleni kwa Mama. Lile swali nililouliza koridoni asubuhi ya safari halikutajwa tena nyumbani kwetu. Nilidhani Mama amelisahau, au hakulisikia vizuri.

Wiki hii nilimpeleka kwenye kliniki ya macho, hapo hapo Rockville Pike, si mbali na yale maghorofa. Walimvika kofia ya karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama, bila shaka, karibu na mlango, funguo mkononi, nikisoma mara ya pili tangazo la miwani. Muuguzi alimwita jina. Mama alinikabidhi pochi yake, akaniambia kama anavyomwambia yeyote, "Naingia mara moja," akamfuata muuguzi.

Alipofika mlangoni alisimama. Aligeuka, akainamisha kichwa kidogo upande ili anione kwa lile jicho zima.

"Ya kweli, Namsifu," alisema. "Si ya Upareni."

Mlango ukafungwa. Niliziweka funguo ndani ya pochi yake, nikakaa.